Gia Boksi na Difu: Kila Moja na Oili Yake

Juma hili twaacha shamba na jiko, twende uvunguni mwa gari. Asiye na gari asifunue ukurasa upesi. Siku hizi hata yeye hupakia magunia yake katika gari la jirani, na gari hilo likifa njiani, vitunguu vinavyooza ni vyake.

Kutoka Kinampanda, katika Iramba, limetufikia swali hili. Ndugu watatu wameunganisha fedha za vitunguu na alizeti, wakanunua pikapu iliyokwisha tumika, yenye klachi na gia za mkono. Mchana hubeba magunia na abiria kwenda Kiomboi. Usiku, mama akishikwa na uchungu, ndiyo inayompeleka hospitali. Sasa fundi amewaambia kwamba oili ya gia boksi na ya difu zimechoka, zibadilishwe. Mkubwa wao akaenda dukani, akakuta makopo mawili, yote yameandikwa 90, moja la bei ndogo na moja la bei kubwa. Mwuzaji akamwambia: "Mzee, gia oili ni gia oili tu. Chukua hili la bei ndogo, ujaze kote kote." Mzee akasita, akarudi nyumbani na fedha zake mfukoni. Sasa atuuliza: je, alifanya vema?

Alifanya vema. Kama angalijaza lile kopo moja kote kote, gari lingaliondoka vizuri, lingalipanda na kushuka majuma kadhaa, na wadogo zake wangalimsifu kwa kubana matumizi. Ubaya wa oili isiyofaa ndio huo: siku ya kwanza haupigi kelele.

Basi twende polepole. Ile namba 90 ni kipimo cha unene wa oili, yaani jinsi inavyotiririka ikiwa ya moto. Kipimo hicho ni cha SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1905. Hakisemi oili ni ya kazi gani. Mtu aendaye duka la dawa haombi "chupa ya robo lita". Huomba dawa ya macho, au ya kikohozi. Chupa mbili zaweza kulingana kabisa kwa ukubwa, lakini ole wake atiaye ya kikohozi jichoni.

Hapa tuseme neno kwa vijana wabishanao gereji. Wengi hudhani oili ya gia ya 90 ni nzito mara mbili kuliko oili ya injini ya 40. Sivyo. Oili za gia zina ngazi yao ya namba, na za injini zina yao. Ukizipima zote mbili zikiwa na moto wa digrii 100, ile 90 ya gia yakaribiana na 40 au 50 ya injini. Namba zilitenganishwa ili watu wasizichanganye, na watu wakazichanganya vivyo hivyo.

Kinachotaja kazi ya oili ni herufi zilizoandikwa kwa maandishi madogo, mara nyingi nyuma ya kopo: API GL-4, au API GL-5. API ni chama cha wenye kazi ya mafuta huko Marekani. Ngazi zao zilianza na GL-1, oili tupu isiyotiwa dawa, zikapanda. Kwa magari yetu ya siku hizi zenye maana ni hizo mbili, GL-4 na GL-5, pamoja na MT-1 kwa gia boksi za malori makubwa ya namna fulani. Asiyejua Kiingereza haidhuru kitu. Atafute G, na L, na tarakimu inayofuata. Hata mjukuu wa darasa la pili aweza kumsomea.

Je, tofauti ya 4 na 5 ni nini? Hapa ndipo wengi wapoteapo. Hudhani 5 imeipita 4 kama mtoto wa darasa la tano alivyompita wa darasa la nne, basi anayetaka kulitendea gari lake mema aweke 5 kila mahali. Sivyo hata kidogo. Ni dawa mbili za maradhi mawili. Ili uelewe, sharti tufungue vifuniko tutazame ndani.

Difu ni lile tumbo la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Propela hutoka gia boksi ikizunguka, na mwisho wake una gia ndogo iitwayo pinioni. Pinioni huzungusha gurudumu kubwa la meno, kraunwili, nalo huzungusha magurudumu ya gari. Zamani pinioni ililenga katikati kabisa ya kraunwili. Mwaka 1925 kampuni ya Gleason ya Marekani ilileta meno ya namna mpya, na mwaka 1926 kampuni ya Packard ikayaweka katika magari yake. Katika namna hiyo, pinioni imeshushwa chini ya katikati. Propela ikakaa chini zaidi, sakafu ya gari ikashuka nayo, na meno yakawa yenye nguvu, tena hayalii. Namna hii huitwa haipoidi, na ndiyo iliyomo katika ekseli za nyuma za pikapu nyingi na malori mengi unayoyaona barabarani.

Lakini faida hiyo ina gharama yake. Meno ya haipoidi hayakanyagani tu. Huteleza moja juu ya jingine kwa nguvu nyingi, kama kisu kinavyonolewa juu ya jiwe. Oili ya kawaida hukamuliwa ikatoka, chuma kikagusa chuma. Kwa hiyo wataalamu hutia ndani ya oili dawa ya salfa na fosforasi. Meno yapatapo moto mkali, dawa hiyo hushikana na chuma ikafanya ngozi nyembamba mno, na ngozi hiyo ndiyo inayosagika badala ya jino, kisha nyingine hujitengeneza mahali pake. (Zamani hata mafuta ya nyangumi yaliyotiwa salfa yalitumika katika oili za magari, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilipokataza. Nani angedhani kwamba mnyama mkubwa wa bahari alikufa ili gari lipande mlima?) Oili ya GL-5 ina dawa hiyo nyingi, takriban mara mbili ya ile iliyomo katika GL-4. Basi difu ya haipoidi yataka GL-5, na haitaki mbadala.

Sasa fungua gia boksi. Humo mambo ni mengine. Meno yake hayasuguani kwa ukali ule, bali kuna pete za shaba. Zamani dereva akitaka kubadili gia alikanyaga klachi mara mbili, akasikiliza injini, ndipo akaiingiza. Asiyejua alisaga meno mpaka watu wa barazani wakageuka kutazama. Pete za shaba zimeondoa kazi hiyo. Unaposukuma mti wa gia, pete huishika gia kwa kusuguana nayo, kama breki ndogo, hata gia na shafti zikazunguka mwendo mmoja. Ndipo meno yanapoingiana pasipo kelele.

Fikiri basi. Kazi ya pete ni kushika. Ukimimina oili yenye dawa nyingi ya utelezi, pete haishiki upesi, na gia yakwaruza, hasa unapotaka kurudi ya pili au ya tatu mteremkoni. Tena ile salfa inayomlinda ndugu chuma, ikikuta shaba yenye moto, huila. Juu ya shaba pia hufanya ngozi, lakini shaba ni laini; ngozi ile ikibanduka, hubanduka pamoja na shaba kidogo. Leo kidogo, kesho kidogo. Mwisho pete imelika, gia yaruka yenyewe au yakataa kuingia, na fundi asema gia boksi ishushwe. Wenye gari wajua bei ya neno hilo "ishushwe".

Tuseme kweli yote. Wapo watengenezaji ambao siku hizi wameituliza salfa, wakaandika juu ya kopo kwamba oili yao yafaa gia boksi na difu pia. Na vitabu vya magari kadhaa ya Toyota huruhusu GL-4 au GL-5 katika gia boksi. Kama kitabu cha gari lako chasema hivyo, mimina kwa amani. Lakini kikisema GL-4 peke yake, usimsikilize mtu akuambiaye kwamba 5 ni kubwa kuliko 4.

Na kosa lipi ni kubwa zaidi? Kutia GL-4 au oili tupu katika difu ya haipoidi. GL-5 katika gia boksi isiyoitaka huharibu polepole, na pengine utaokoka ukiimwaga mapema. Bali difu ya haipoidi iliyokosa dawa yake, ikipandishwa mlima na tani ya vitunguu mgongoni, meno yake hukwanguka upesi, na jino lililokwanguka halirudi hata ukimimina oili ya dhahabu. Utasikia mlio mrefu kama wa mbwa aliaye mbali, unaopanda na kushuka kwa kadiri ya mwendo. Mlio huo ukishaanza, oili haiuponyi.

Basi mzee wetu wa Kinampanda arudi dukani akasome herufi, kwa maana katika swali lake hakuzitaja. Difu nyingi za pikapu hunywa kama lita mbili au tatu, na gia boksi vivyo hivyo. Anunue GL-5 kwa difu, na kwa gia boksi ile iliyotajwa na kitabu. Makopo mawili ya namna mbili yatamgharimu zaidi siku hiyo, nasi twamshauri asione uchungu, kwa kuwa kraunwili na pinioni bei yake yaweza kumeza vitunguu vya msimu mzima.

Tumetaja kitabu mara nyingi, maana ndicho hakimu. Watengenezaji hawakupatana kamwe. Tazama Land Rover, gari ambalo barabara zetu mbaya zinalijua sana. Zile za zamani zilijazwa oili nzito ya 90 katika gia boksi na katika difu pia. Zilipokuja Defender, gia boksi yake ya namna ya LT77 ikataka ile oili nyekundu nyepesi ambayo madukani huitwa haidroliki, huku difu zake zikibaki na 90. Fundi aliyezoea gari la zamani akimimina 90 katika gia boksi ile, asubuhi mti wa gia utakuwa mgumu kama mchi uliokwama katika kinu. Tena kuna Isuzu za zamani ambazo kitabu chake chataka oili ya injini ndani ya gia boksi.

Na wazee watakumbuka Peugeot 404, iliyoshinda mbio za Safari za Afrika ya Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Difu yake haikuwa ya haipoidi. Ilikuwa na chuma kilichochongwa kama skrubu ndefu, kikizungusha gurudumu la shaba. Difu ya shaba! Hapo oili kali ya haipoidi, iliyo chakula cha difu nyingine zote, ni sumu. Twaitaja kwa sababu bado wapo wenye mashine za kusaga au kukamua zenye gia za namna hiyo, skrubu ya chuma na gurudumu la shaba, nao hujaza oili yoyote iliyobaki katika gari. Wasifanye hivyo.

Utasema: kitabu nitakipata wapi? Magari mengi tununuayo yalitumika kwanza Japani, na kitabu, kama hakikupotea, kimeandikwa Kijapani. Usikitupe. Kurasa za mwisho mara nyingi zina jedwali la oili, na katikati ya maandishi yale ya Kijapani utaona herufi zetu hizi hizi: GL-4, GL-5, 75W-90. Hizo hazina Kijapani. Kama kitabu hakipo, fungua boneti utafute bamba dogo la chuma. Katika Toyota bamba hilo lina mstari wa namba za gia boksi na ekseli. Ziandike kwenye karatasi, umpe fundi wa mjini au kijana mwenye simu ya intaneti azitafute. Kinampanda pana Chuo cha Ualimu; hakukosekani mtu wa kusoma jedwali la Kiingereza akakueleza.

Bamba hilo lafaa kwa jambo jingine tena. Difu nyingine zina sahani za kubana ndani yake, ili gurudumu moja likizama topeni lisizunguke peke yake huku lenzake limelala. Hizo zataka GL-5 iliyoandikwa pia LSD. Ukizikosesha, gari likikata kona utasikia nyuma kukikoroma na kutetemeka. Na kwa magari madogo yavutwayo na magurudumu ya mbele, usihangaike kutafuta difu nyuma: imo ndani ya gia boksi, meno yake si ya haipoidi, na zote mbili hunywa oili moja. Mwenye gari lisilo na klachi, habari hizi za gia boksi si zake. Oili yake ni nyingine kabisa.

Turudi kwenye unene. Makopo mengi yana namba mbili, kwa mfano 80W-90 au 75W-90. Namba ya kwanza, yenye W, ni ya baridi. Huko Ulaya na Marekani kuna asubuhi ambazo oili huwa nzito kama asali hata gia haisogei, ndiyo maana wao hulipa fedha nyingi kwa oili ya 75W. Sisi je? Kinampanda iko juu, na Juni na Julai baridi yake si ya mchezo, mtu huvuta blanketi la pili. Lakini maji hayagandi mtungini. Vitabu kadhaa vya Toyota huridhika na SAE 90 katika difu mahali popote ambapo baridi haishuki chini ya digrii 18 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo Iramba haijaiona. Basi kwa difu, GL-5 ya kawaida ya 80W-90 au 90 yatosha, na fedha unayobakiza ni afadhali uiweke kwa ajili ya kubadili oili mapema. Katika gia boksi, kitabu kikitaka 75W-90 ifuate, kwa sababu pete zile za shaba sharti ziisukume oili pembeni ndipo zishike.

Ile nzito ya 85W-140 ina kazi yake katika malori makubwa yanayopanda Sekenke kutoka Shelui na mzigo kamili, kama vitabu vyao vikiitaja. Lakini wengi huinunua kwa nia nyingine, yaani kunyamazisha difu inayolia. Kufanya hivyo ni kumziba mgonjwa mdomo asiugue kwa sauti. Na wadanganyifu wamepita hapo kwa mbali: humimina unga wa mbao ndani ya gia boksi au difu, mlio ukanyamaza siku ya kuuza, mnunuzi akafurahi mpaka safari ya tatu. Ukienda kununua gari lililotumika, omba nati ya kujazia ifunguliwe, utie kidole safi, utoe oili uisugue katikati ya vidole na kuinusa. Mwuzaji akikasirika, hiyo nayo ni habari.

Kwa kuwa tuko Singida, tuseme na hili. Mafuta ya alizeti ni mema kwa mboga, lakini si ya gia. Mtu akikwama porini, aweza kushawishika kumimina chupa iliyomo garini. Mafuta ya mbegu yakipata moto mwingi na hewa hugeuka gundi, kama yale yaliyokauka ubavuni mwa kikaango, na kuisafisha gundi hiyo ndani ya gia boksi ni kazi ya kutoa machozi.

Haya, sasa kazi yenyewe. Weka gari mahali pa tambarare, baada ya kutembea kidogo ili oili iwe na vuguvugu. Safisha kwanza vumbi na tope kuzunguka nati. Kisha, na hili ulishike sana, fungua nati ya juu ya kujazia KABLA ya kufungua ya chini ya kumwagia. Nati ya juu ikiwa imeshika kutu na haifunguki, utakuwa bado na gari lenye oili liwezalo kwenda kwa fundi. Aliyemwaga kwanza, kisha nati ya juu ikamgomea, ana gari lisiloweza kutoka uani. Jaza polepole kwa bomba au mpira mpaka oili ianze kurudi nje kwenye tundu la kujazia. Hapo yatosha. Usivute oili kwa mdomo, wala usimruhusu mtoto avute. Chombo cha kumiminia kiwe kikavu, kisiwe kile kilichokuwa na maji au mafuta ya taa.

Oili iliyotoka usiifukie haraka, itazame. Nati ya chini mara nyingi ina sumaku. Ukikuta juu yake tope jeusi laini kama masizi, usiogope, hayo ni mavumbi ya kazi. Ukikuta vipande vinavyoshikika kwa vidole, mwite fundi. Na ikiwa oili ya gia boksi inang'aa vijiembe vya manjano visivyoshikwa na sumaku, hiyo ni shaba ya pete zako. Watu wa Iramba wajua dhahabu, Sekenke ilichimbwa tangu siku za Wajerumani. Lakini dhahabu hii ya gia boksi haina mnunuzi.

Ikiwa oili imekuwa nyeupe kama uji au chai ya maziwa, maji yameingia. Mara nyingi sababu ni kuvuka mto. Difu iliyotembea mwendo mrefu ni ya moto, hewa iliyo ndani imepanuka. Ukiizamisha ghafula katika maji ya masika, hewa hunywea, nayo difu huvuta maji kwa tundu lake la kupumulia au kwa sili zilizochoka. Ukifika mtoni umetoka mbali, pumzika kwanza, difu ipoe, ndipo uvuke. Na oili iliyokwisha kuwa uji haingoji mwezi ujao. Imwage juma hilo hilo. Tundu la kupumulia likague pia wakati wa kiangazi. Likizibwa na tope, hewa ya moto hukosa njia, ikaisukuma oili nje kupitia sili, na huenda ikafika kwenye breki za nyuma.

Kwa maoni yetu difu nyingi za vijijini haziuawi na oili mbaya, bali na ukame. Sili yavuja tone moja usiku, tone jingine asubuhi, na hakuna afungue nati kutazama, kwa maana difu haina kijiti cha kupimia kama injini. Ukiona ardhi chini ya gari imelowa oili, usingoje zamu. Kuhusu zamu yenyewe, vitabu vingi vya magari ya kazi hutaja kilometa 40,000 hivi, na kwa kazi ngumu ya mizigo, vumbi na mito, nusu yake. Gari la Kinampanda lihesabiwe katika kazi ngumu. Tena mita za magari yaliyotumika si za kuaminiwa sana. Ukinunua gari, badilisha oili zote siku hizo hizo, uandike tarehe na kilometa kwenye daftari la gari.

Dukani, tazama kifuniko kama hakijawahi kufunguliwa, tazama alama ya TBS, na kataa oili ipimwayo kutoka pipa lisilo na maandishi, hata kama ni ya binamu. Rangi haikuambii kitu, kwa kuwa kila mtengenezaji hutia rangi apendayo. Harufu nayo haitoshi. GL-5 hunuka salfa kwa ukali, lakini GL-4 pia ina salfa, na pua haijui kuhesabu.

Imebaki ile oili chafu. Usiimwage karibu na kisima wala katika korongo liendalo bwawani, na usiipake vidonda vya mbuzi wala vya watu. Itie katika dumu lenye kifuniko, mbali na watoto, na gari liendapo Kiomboi umpelekee fundi wa gereji. Dumu hilo liwekeni alama ya rangi, lisitiwe tena maji wala mafuta ya alizeti, hata likioshwa mara saba kwa sabuni.